Saa Nne Ipi?

Ukitaka kuitisha mkutano wa wakulima wa mwani pale Paje au Jambiani, na nia yako ni kwamba asije hata mmoja, upange saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Utakaa na viti vyako vya plastiki, katoni ya maji na karatasi ya mahudhurio mpaka adhuhuri. Mbele yako bahari imekauka karibu na mwamba, na wale uliowaalika utawaona kwa mbali wameinama kwenye kamba zao. Ripoti itakayoandikwa baadaye itasema mwamko wa wananchi ni mdogo na watu wa pwani hawajali muda.

Nani hakujali muda hapo? Mwenye mkutano alikuwa na kalenda ya ukutani. Wenye mwani wana kalenda inayosogea kila siku, na wako nayo kichwani.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 za ziada ndizo zinazovuruga ratiba zote za ofisini. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au umetimia, pwani ya Unguja hukauka karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na maji hujaa pomoni karibu na saa kumi. Kati ya kujaa na kupwa kunaweza kuwa na tofauti ya takriban mita 4. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Bahari inapanda kidogo, inashuka kidogo, na kupwa kwenyewe kumeshahamia alasiri, saa ambayo hata ukiingia utakuta maji ya kifua.

Asiyezaliwa pwani anaweza kukisia hivi: chukua tarehe ya mwezi mwandamo, anza na saa nne asubuhi kwa mwezi mosi, kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Mwezi nne maji yatapwa karibu na saa sita na nusu mchana, mwezi nane karibu na saa kumi alasiri. Hesabu hii ina kasoro yake. Siku za bamvua maji huchelewa kama dakika 40 tu kwa siku, na siku za maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima. Kwa mkutano inatosha. Kwa ngalawa, muulize mwenye ngalawa.

Mwani hukaa majini wiki sita hivi kabla ya kuvunwa, yaani bamvua tatu. Unapandwa bamvua moja, unapaliliwa na kufungwa upya kamba bamvua inayofuata, kisha unavunwa. Kwa hiyo katika kila siku 15 kuna siku tano sita, pengine saba, ambazo hazina mchezo. Mwanamke anaingia majini maji yakiendelea kupwa, saa mbili hivi, na anatoka yakimfika kiunoni. Siku zinazobaki ndipo panapopatikana nafasi ya kusokota usumba, kwenda shamba, kwenda hospitali, kuhudhuria mkutano wako. Mgeni akifika siku ya maji mafu akawakuta kibarazani wanasuka ukili na kucheka, anapiga picha na kuandika kwamba maisha ya kisiwani hayana haraka. Angekuja wiki moja kabla.

Ziwani hivyo hivyo. Kule Kigoma dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina maana mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukikaribia kutimia vyombo hupumzika, nyavu hushonwa, na wavuvi hulala usiku kama watu wengine. Anayepita mwaloni siku hizo na kuona vijana wamejilaza kivulini saa tano asubuhi ataona wavivu. Giza likirudi, hao hao watakuwa ziwani tangu magharibi mpaka alfajiri.

Nimeanzia majini kwa sababu huko ndiko tabia hii inakoonekana wazi zaidi. Mzungumzaji wa Kiswahili haishi na saa moja. Anaishi na nne au tano kwa pamoja: ya jua, ya adhana, ya mwezi, ya maji, na hii ya simu. Kila moja ina ukali wake. Yanayoitwa "saa za Kiafrika", na kuchekewa, mara nyingi ni saa mbili zimegongana na hakuna aliyetaja anatumia ipi.

Chukua ya jua. Kila mtu anajua kwamba tunaanza kuhesabu asubuhi, na kwamba saa moja imeandikwa 07:00 kwenye simu. Ongeza sita au toa sita, basi. Kwenye saa ya mishale hata hesabu haihitajiki, maana namba yetu ndiyo inayotazamana na ule mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye 9, vuka upande wa pili, utakuta 3, saa tatu. Waganda, Wanyarwanda na Wahabeshi nao huhesabu hivyo hivyo, na sababu ni ya wazi kwa anayeishi karibu na Ikweta. Dar es Salaam, macheo ya mapema kabisa katika mwaka na ya kuchelewa kabisa hayapishani hata kwa saa moja. Ukihesabu kuanzia macheo, hesabu yako inasimama mwaka mzima. London huwezi. Mwezi Desemba jua huzama kabla hata ya saa kumi, na mwezi Juni linakuwepo mpaka baada ya saa tatu na robo ya kile ambacho sisi tungeng'ang'ania kukiita usiku. Waswahili walioko huko husema "saa tatu usiku" na jua liko dirishani, kisha wanacheka wenyewe.

Lakini kuna jambo ambalo hata wenyewe hatulisemi sana. Saa ya Kiswahili haikai vizuri Dar es Salaam. Majira ya Afrika Mashariki yamepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita nje kabisa baharini kwetu. Dar ipo kwenye nyuzi 39 na ushei, kwa hiyo jua letu la utosini hufika karibu na saa sita na dakika 23. Kigoma ipo nyuzi 29 na nusu hivi. Kila nyuzi moja ni dakika nne, na ukizidisha utapata kwamba Kigoma jua hufika utosini saa saba mchana, na huchomoza karibu na saa moja badala ya saa kumi na mbili. Mwanafunzi wa Kigoma anayetakiwa awe mstarini saa moja kasoro anatoka nyumbani gizani karibu mwaka mzima, na mwenzake wa Dar anatembea kwenye mwanga, na wote wawili wanaambiwa wamechelewa kwa kipimo kimoja. Vuka sasa uende Bujumbura, Kigali au Goma. Saa inarudishwa nyuma kwa saa moja, mstari wao ni wa nyuzi 30, na ghafla mambo yanakaa sawa: saa kumi na mbili jua linatoka, saa kumi na mbili linazama, sita juu ya utosi. Saa ya Kiswahili imekaa mahali pake Goma kuliko Kariakoo. Watu wa Pwani mnisamehe.

Makosa hutokea kwenye maandishi zaidi kuliko kwenye mazungumzo. Mdomoni tunasema "saa kumi na mbili asubuhi" na hakuna anayepotea. Tiketi ikiandikwa "12:00" bila neno lingine, abiria mmoja atafika alfajiri na mwingine atafika mchana, na wote wana haki. Namba sita ni mbaya zaidi. "Saa 6:00" inaweza kuwa asubuhi kwa aliyeizoea simu, mchana kwa mama yake, na usiku wa manane kwa mwenye safari ya usiku. Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Andika neno na namba ya simu kwa pamoja: saa 12 asubuhi (06:00), saa 7 na nusu usiku (01:30). Wenye mabasi makini hufanya hivyo siku nyingi, na huongeza muda wa kuripoti.

Halafu kuna usiku. Usiku ni wa siku gani?

Kwa hesabu ya pwani, ambayo ni hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwa mzee wa Lamu au Mkunazini ni ule unaofuata Alhamisi mchana. Ndiyo maana tarawehe ya kwanza husaliwa kabla hujafunga hata siku moja: mwezi umeandama, magharibi imeingia, tayari ni Ramadhani. Kwa mtu wa ofisini usiku wa Ijumaa ni baada ya Ijumaa kutwa. Tofauti yake ni saa 24 kamili, na kwenye mwaliko wa maulidi au safari ya usiku hilo si dogo. Watangazaji wa redio waliona tatizo hili zamani na wakashikamana na neno moja zuri sana ambalo sijui kama lugha nyingi zinalo: kuamkia. "Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa" haina pa kuteleza. Ukiona tangazo la usiku lisilo na kuamkia, piga simu uulize.

Juma lenyewe limebeba hesabu mbili mgongoni. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ambayo ni ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa wanaoanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo tunazo siku mbili za tano zinazofuatana, na hakuna anayelalamika. Miezi nayo: baada ya Idi tunahesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Kenda, ndipo zije Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Maulidi ni Mfunguo Sita, kwa Waarabu ni mwezi wa tatu. Makunduchi wana mwaka mwingine tena, wa jua, wa siku 365 bila siku ya nyongeza, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na ndiyo maana Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, unateleza kwa siku moja kila baada ya miaka minne. Watu wenye kalenda zote hizi kuambiwa hawajui wakati ni kichekesho.

Mgongano unaoumiza hasa, hata hivyo, uko kwenye bahasha ya dawa. Mfamasia anaandika 1×3 na kusema "kutwa mara tatu". Kutwa ni mchana: tangu kuche mpaka kutwe, na ndiyo maana tuna "kutwa kucha" kwa anayetaka vyote viwili. Mgonjwa amesikia Kiswahili chake sawasawa. Anameza saa moja asubuhi na chai, saa saba mchana na ugali, saa moja jioni na chakula cha usiku, kisha analala. Kati ya kidonge cha jioni na cha asubuhi zimepita saa 12 bila dawa. Kwa dawa kama amoksilini, "mara tatu" ina maana kila baada ya saa nane, na ratiba inayolingana na maisha ya mtu ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Dawa nyingine huendana na chakula na hazitaki hesabu hii, kwa hiyo uliza dirishani: mara tatu ya chakula, au ya saa nane nane?

Dawa mseto ya malaria, ALu, ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu haifuati siku hata kidogo. Ni dozi sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa nane, kisha ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza, na zilizobaki kila baada ya saa 12. Mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara, jumla 24, na humeza baada ya kula chakula chenye mafuta au kunywa maziwa. Sasa fikiria umerudi na dawa saa tatu usiku. Ya pili ni saa kumi na moja alfajiri, ambayo watu huilalia. Ya tatu ni saa tatu usiku unaofuata, ya nne saa tatu asubuhi, ya tano saa tatu usiku, ya sita saa tatu asubuhi ya siku inayofuata. Kosa la kawaida ni kuuhesabu ule usiku wa kwanza kama "siku ya kwanza imekwisha" na kubaki na vidonge vinne mfukoni siku ya tatu, homa imeshuka, mtu anajiona mzima. Chukua kalamu uandike nyakati zile sita juu ya boksi kabla hujafungua.

Tuje kwenye harusi, maana huko ndiko tunakosemwa sana, na kwa haki.

Angalia siku moja ya harusi ya Kiislamu Dar es Salaam. Tangazo linasema ndoa itafungwa baada ya sala ya alasiri. Wanaume wamesali, imamu ametoa salamu, safu zimegeuka, mahari yametajwa, na ndoa imefungwa kabla hujapata nafasi ya kuvaa viatu. Hakuna aliyechelewa. Usiku wa siku hiyo hiyo, watu wale wale, kadi inasema ukumbini saa 12:30 jioni, na saa mbili na robo unakuta wahudumu wanapanga glasi na mjomba mmoja aliyekuja kwa kadi anaangalia simu. Damu haijabadilika kati ya alasiri na magharibi. Kilichobadilika ni kwamba adhana inasikika na kila mtu na haimsubiri yeyote, na ile namba ya kwenye kadi kila mtu anajua iliwekwa ili ipunguzwe.

Kamati inataka sherehe ianze saa mbili. Inajua wageni huchelewa, kwa hiyo inaandika saa 12:30. Mgeni anajua kamati huongeza, kwa hiyo anatoka nyumbani saa moja na nusu, halafu foleni inamla. Kamati ya harusi inayofuata, iliyoona ukumbi mtupu, inaandika saa 11:30. Tunadanganyana kwa adabu na kila msimu tunaongezeana. Wakati huo bibi harusi ametoka saluni saa kumi na mbili, amepelekwa ufukweni kupigwa picha kabla giza halijaingia, na msafara umekwama. Meza kuu haina watu, mshereheshaji hawezi kuanza. Ukumbi unafungwa saa sita usiku na mwenye ukumbi hana masihara. Mwisho wa yote kinachokatwa ni nasaha za wazazi na muziki, yaani vile vitu viwili ambavyo wageni walivijia. Chakula kilichopikwa kiwe tayari saa tatu kimekaa kwenye vyombo mpaka saa nne na nusu, pilau imetoa jasho.

Kamati zinazofanikiwa hufanya mambo mawili ya kijinga kwa urahisi wake. Zinaandika nyakati mbili kwenye kadi, ya wageni kuketi na ya maharusi kuingia, bila kuficha pengo lake. Na zinaanza na chakula: saa moja na nusu vifuniko vinafunguliwa, maharusi wawepo wasiwepo. Habari hiyo husambaa haraka kuliko kadi yenyewe. Picha za ufukweni zihamishiwe siku nyingine. Hakuna sheria inayodai zipigwe na jua la siku hiyo.

Si kila kuchelewa kuna saa mbili nyuma yake. Kuna kuchelewa kwa cheo, na huko sina huruma. Mgeni rasmi anayefika saa tano kwenye shughuli ya saa tatu hajachanganya jua na mwezi. Anawaonyesha watu kwamba muda wao ni mali yake. Basi la mkoani linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi halimsubiri mtu, na mechi ya Simba na Yanga uwanja unajaa mapema, kwa hiyo visingizio vya hulka ya taifa tuviache.

Na tazama neno lenyewe nililotumia: shughuli. Kwa Kiswahili shughuli ni kazi zinazokukamata, na shughuli ni harusi, hitima, arobaini. "Leo nina shughuli" inaweza kuwa mtu anaenda dukani kwake au anaenda kukata vitunguu kwa jirani aliyefiwa. Lugha haikutenga kazi na kuwa na watu. Kinyume chake kinasemwa kwa maneno ya mahali: sina nafasi, nikipata wasaa. Nafasi ni pale mtu anapoweza kupita au kukaa. Wasaa ni upana. Asiye na nafasi amebanwa, na aliyebanwa anapewa pole. Sasa limeingia "niko bize", ambalo halitaki pole. Linataka heshima. Kijana anaulizwa "za siku?" anajibu "bize tu, mzee wangu", na imekuwa kama kutaja cheo. Zamani jibu hilo lingemfanya mzee aulize, "Umepatwa na nini?"

Kustarehe kwenyewe kuna kanuni, na kanuni za barazani hazina ulegevu. Muuza kahawa wa Mji Mkongwe hupita alfajiri baada ya sala, kisha hurudi baada ya alasiri mpaka isha. Kahawa yake chungu ni rahisi kuharibu. Kaanga buni mpaka iwe nyeusi bila kuungua, itwange, na kwa lita moja ya maji weka vijiko vitano vya mezani na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Maji yachemke kwanza, buni iingie moto ukiwa umepunguzwa, la sivyo povu linapanda na kuzima makaa. Iache itokote polepole robo saa, kisha itulie mpaka machicha yazame. Ndani ya dele, lile birika la kahawa, juu ya makaa machache, inatakiwa iwe moto bila kuchemka tena. Ikichemka mara ya pili inapata ladha ya kuungua na hata kashata haiiokoi. Kikombe ni kidogo makusudi. Ukinywa kimoja umesalimia, ukinywa viwili umekaa.

Anayefika husalimia wote, si rafiki yake tu. Haulizwi amefuata nini. Anayeondoka haondoki kimya, anaaga, na nyumbani husindikizwa hatua kadhaa, kwa hiyo mwenye haraka aanze kuaga robo saa kabla. Na tuseme ukweli: utulivu huo wa wanaume barazani umesimama juu ya jiko la mtu mwingine. Saa hiyo ya alasiri wanawake nao wana mazungumzo yao ukumbini, lakini mikono yao ina ukili, au mchele wa kuchagua, na sikio liko kwenye sufuria.

Kisha bao. Kete 64, mashimo 32, safu nne za nane nane, safu mbili kwa kila mchezaji. Bao la kujifunza huanza na kete mbili kila shimo. Bao la Kiswahili lenyewe huanza karibu tupu: kila mmoja anaweka sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 anabaki nazo. Awamu ya kwanza ni ya kunamua. Kila zamu unaingiza kete moja. Ukiweza kula lazima ule, na ulichokula unakisambaza kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Usipoweza kula, unatakata, yaani unasambaza bila kula. Mkononi zikiisha, ndipo mnaingia mtaji, awamu ya pili. Anayemaliziwa safu ya mbele amefungwa, hata kama nyuma ana utajiri. Mgeni wa mchezo huvunja nyumba mapema kwa tamaa ya kusambaza kete nyingi, kisha anashangaa mbele kumebaki kweupe. Watazamaji wanaona kabla yake na hawatakiwi kusema, wanasema.

Adhana ya magharibi ikilia katikati ya kunamua, hakuna haja ya kuandika chochote. Ubao unaachwa ulivyo, na kila mmoja anataja zilizobaki mkononi. Kwa kuwa kila zamu hula kete moja tu ya akiba, zikiwa tisa kwa tisa zimeshachezwa zamu 13 kila upande na anayefuata ni yule aliyeanza. Zikiwa nane kwa tisa, ni mwenzake. Wanarudi baada ya sala, wengine baada ya isha kabisa, wanahesabu, na mmoja anasema, "Cheza, zamu yako."